Kofia Niliyoijua kwa Juu

Mimi ni mtu wa dirishani. Nasema hivi bila ya kujisifu, ingawa zamani nilikuwa najisifu. Nyumba yetu ni ya ghorofa tatu, katika uchochoro mwembamba wa Mji Mkongwe, na ukishakaa kule juu huna haja ya kwenda popote. Mkate unapita, mboga zinapita, samaki anapita, na habari ndiyo usiseme. Mimi kazi yangu kuteremsha kikapu kwa kamba na kupiga ukelele. Kaka yangu, ninayeishi naye tangu ndoa yangu ilipovunjika na mkewe alipofariki, husema nyumba hii ikiwaka moto nitateremsha kikapu niombe ndoo.

Kwa huku kukaa juu, watu wa mtaani nawajua kwa utosi. Mwalimu wa chuo cha Kurani ana upara wa mviringo kama kisahani cha kahawa. Jirani yangu wa mbele, mama wa Kihindi mwenye duka la vitambaa, hupasua nywele katikati kwa mstari ulionyooka hata ukadhani umepigwa rula. Wengine wote ni kofia, na kofia ndiyo kazi yangu. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo yakatoka, nikapewa sindano. Nashona kofia za viua, zile za vitundu vidogo vinavyozungushiwa uzi kimoja kimoja, na mtu akipita chini amevaa kazi ya mkono wangu huitambua kabla hajafika kwenye kona.

Katika kofia zote hizo, moja ilikuwa ya fundi. Huyu ni seremala wa milango, mtu wa bara, aliyefika Unguja kabla mimi sijaolewa, na karakana yake iko mwisho wa uchochoro wetu. Nilikuwa nikimwita kila siku ya Mungu. Nikisema “Fundi wee,” husikia “Naam, Bi,” hata akiwa na misumari mdomoni. Nitilie mkate kikapuni. Nitazamie kama yule wa mchicha keshafika. Niulizie nani kafiwa. Siku moja alipanda kunitengenezea bawaba za dirisha, lile lile dirisha langu la upelelezi, akakataa ujira. Nikampa kofia. Akacheka, akaniambia yeye ni Mkristo. Nikamwambia jua halimuulizi mtu dini yake. Akaivaa, na tangu hapo hakuivua ila Jumapili asubuhi.

Kofia yenyewe ilikuwa mbovu, niseme ukweli. Juu yake nilikusudia kushona ua la majani manane, nikachanganya hesabu, likatoka la majani saba. Nilikuwa nimeshona mbili kwa mkosi ule ule. Moja ndiyo hiyo ya fundi. Ya pili mwenyewe aliyeiagiza aliikataa mlangoni, nikaitupia sandukuni na kuisahau. Kwa hivyo, kwa nilivyojua mimi, kofia ya majani saba iliyokuwa ikitembea duniani ilikuwa moja tu.

Sasa nieleze nilichokifanya.

Mwaka jana yule mama jirani alifunga madirisha yake, na siku mbili tatu sikumuona. Siku ya nne, baada ya alasiri, nikaona mtu anafungua mlango wake. Kwa kuwa pale mlangoni pana kibati cha kuzuia mvua, nilichokiona mimi kwa tundu la kutu kilikuwa juu ya kofia na mkono wenye ufunguo. Nikainama mpaka kamba ya kikapu ikanikwaruza shingo. Nikahesabu majani: saba. Kesho yake saa ile ile, saba. Na siku ya tatu, saba.

Alhamisi mchana sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa wetu, alipita chini. Nilimwita yeye badala ya kumwita fundi. Nikamweleza kwamba nyumba ya jirani haina mtu na kuna anayeingia. Akaniuliza nani. Jina la fundi nalijua, na la baba yake nalijua, na hata la kijiji alichozaliwa aliwahi kuniambia. Nilichosema ni hiki: “Yule wa bara.” Nimeshona maelfu ya vitundu katika maisha yangu na hakuna hata kimoja ninachokikumbuka, lakini maneno hayo matatu nayakumbuka, na namna nilivyopunguza sauti kuyasema.

Sheha akaandika katika daftari lake kwamba fundi amelalamikiwa kuingia nyumba ya mtu. Pa mlalamikaji akaandika “raia mwema,” kwa kunisitiri. Alasiri polisi wawili wakaja wakamchukua. Nikaangalia kofia tatu zinakwenda zimepangana kwenye uchochoro, mbili za serikali na moja yangu, na nikaona mtaa umesafishika kwa juhudi zangu. Jioni ile nilikula vizuri. Niliongeza hata mchuzi.

Kaka yangu hakuwapo. Alikuwa Makunduchi mazikoni, akarudi Ijumaa baada ya sala. Nikamngojea kwenye ngazi nimuhadithie ushujaa wangu. Nilipofika kwenye majani saba akakaa, pale pale kwenye kipandio. Kisha akatia mkono kwenye mkoba wake wa safari, akatoa kofia, akaiweka juu ya goti lake. Sikuwa na haja ya kuihesabu.

Akasema: “Ile nyumba nlikuwa nnaingia mie.”

Jirani alikwenda Dar es Salaam kwa bintiye kutibiwa macho, akamwachia kaka ufunguo amwagilie mrihani wake wa ibada ulioko juu ya paa, maana mti ule kwake si pambo. Na kofia ile kaka aliiokota sandukuni kwa kuwa yake ilikuwa imelowa. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema: “Kaniomba nsikwambie. Kasema ukijua weye tu, mpaka kima wa msitu wa Jozani watajua kama nyumba haina mtu.”

Basi mtaa mzima, kumbe, ulikuwa na siri moja tu, nayo nilikuwa nafichwa mimi.

Kaka hakunywa hata maji. Alikwenda kituoni na ufunguo mkononi, akaeleza, na fundi akaachiwa. Kabla kaka hajatoka nyumbani nilimshika kanzu nikamuomba asinitaje. Akasema hatanitaja, lakini siku moja nitajitaja mwenyewe, na bora iwe kesho. Nikasema kesho.

Kesho yenyewe ilikuwa Jumamosi, na Jumamosi nilikuwa na kofia ya mtu ya kumaliza. Jumatatu fundi akapita na mkate wangu kama kawaida, akautia kikapuni, akanyanyua uso na kuniuliza: “Bi, umesikia yalonipata?”

Nikamjibu kutoka juu: “Nimesikia, fundi. Pole sana.”

Nimesema uongo mwingi mdogo mdogo katika umri wangu, wa kuchelewesha kofia na wa kukwepa harusi. Huu haukuwa hata uongo. Pole ilikuwa pole kweli. Ndiyo maana hainitoki.

Jirani aliporudi na kusikia, alimpelekea fundi sahani ya ladu, vitamu vya kwao, na kumuomba radhi, yeye ambaye kosa lake lilikuwa kuumwa macho. Mimi nikaangalia ile sahani inavyokwenda, kutoka juu.

Miezi ikapita. Yule sheha akastaafu kwa maradhi yaliyomchukua kauli, akaja sheha mpya, mwanamke mdogo kuliko mimi, mwenye kupanga karatasi zake kwa rangi. Na mwaka huu, siku chache kabla ya Mwezi wa Ramadhani, likaja tangazo la mafunzo ya polisi jamii: siku tatu, alasiri, katika skuli iliyo karibu yetu, kila nyumba itoe mtu mmoja. Kaka aliandikisha jina langu bila kuniuliza. Nikamwambia mimi simo katika mambo ya nje. Akasema yeye hana la kwenda kujifunza huko, na mimi huenda wakanipa ualimu.

Nilijua alichokuwa anakitaka. Nikavaa buibui jipya, nikateremka ngazi zote arubaini na moja, na hapo chini mwenye duka la nazi akaniuliza kama kuna msiba.

Tulikaa katika madawati ya watoto, magoti yakigusa kidevu. Tulikuwa kama watu thelathini. Nilichagua kiti cha mbele, kwa sababu tangu skuli najua mwalimu huwaangalia wa nyuma. Afande aliyetufundisha alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kusomeshea watoto wadogo, na baada ya dakika kumi sote tulikuwa tunamjibu kwa pamoja. Akatueleza polisi wa shehia kazi yake nini na mipaka yake wapi. Mtu akikamatwa ana haki ya kuambiwa sababu. Mtu akishukiwa hapigwi na watu, hata kama watu wana uhakika. Mzee mmoja nyuma yangu akanong'ona kwamba wakati wao uhakika ulikuwa unatosha. Afande akamsikia, akamwambia ndiyo maana yeye kaletwa hapa.

Dakika hiyo mlango ukafunguliwa na fundi akaingia, amechelewa, ana vumbi la mbao kwenye nyusi, kofia ya majani saba kichwani. Akaomba radhi, akakaa dawati la tatu upande wa dirishani. Aliponiona akafurahi kikweli. “Leo Bi kateremka,” akawaambia walio karibu, na watu wakacheka kwa wema. Nikacheka na mimi. Nilikuwa mtu wa kuchekesha sana siku ile.

Katikati ya somo kijana wa kiume akaingia, akapita mbele yetu, akachukua mkoba wa afande juu ya meza, akatoka. Hatukuelewa kitu. Afande akatutuliza, akatwambia yule ni askari mwenzake, na sasa kila mmoja aandike alichokiona. Mimi nilikuwa kiti cha mbele. Nikaandika haraka, bila wasiwasi: kanzu nyeupe, kofia yenye uzi wa buluu, mrefu.

Alipoitwa arudi alikuwa amevaa shati la kijivu na suruali, kichwa wazi, na urefu wake ulikuwa wangu. Afande akaisoma karatasi yangu kwa sauti, hakusema ni ya nani, lakini nani mwingine ndani ya chumba kile angemvisha mtu kofia asiyokuwa nayo? Walicheka mpaka mzee wa nyuma akakohoa. Karatasi ya fundi ndiyo iliyoshinda. Aliandika kama anapima mbao: futi tano na nusu, bega la kushoto limeshuka kidogo, kachukua mkoba kwa mkono wa kulia, viatu visigino vimelika upande wa nje. Tukampigia makofi. Na mimi nilipiga, nikitazama ile kofia.

Siku ya pili ndiyo iliyonikalia vibaya. Afande aligawa karatasi zilizopigwa mstari katikati. Safu ya kwanza juu yake imeandikwa “Nilichokiona,” ya pili “Nilichodhani.” Akasema taarifa nyingi zinazofika kituoni zimejaa safu ya pili, na watu wanalala ndani kwa safu ya pili. Kisha akauliza kama kuna suala.

Fundi akanyoosha mkono, akasimama, dawati likamganda kwenye mapaja na wenziwe wakamsaidia kulitoa. Hakucheka.

Akasema, kwa lugha yake ile ya bara iliyokwisha kupikwa Unguja, kwamba mwaka jana alichukuliwa kwa kosa ambalo halikuwapo, akalala kituoni, na kesho yake akaachiwa kwa heshima. Hamlaumu afande, hamlaumu mtu. Lakini sasa kuna nyumba kubwa ya zamani karibu na pwani inatengenezwa, milango yake yote ya kuchonga, na amechaguliwa yeye. Ni kazi ambayo fundi anaipata mara moja. Mwenye kusimamia anataka kila fundi alete barua ya sheha ya tabia njema kabla ya Jumatatu, kwa kuwa mafundi watalala mle ndani na vitu vya watu. Alikwenda kwa sheha, na katika daftari la zamani jina lake lina lalamiko ambalo halikufutwa.

Sheha mpya alikuwa amekaa pembeni. Akasimama, akasema ni kweli, na kwamba linamuuma, lakini yeye hawezi kufuta alichokiandika mwingine. Aliyelalamika aje akiondoe kilio chake, atie saini, na barua itatoka siku hiyo hiyo. Tatizo mlalamikaji hana jina.

Fundi akamgeukia afande. “Suala langu hili. Mtu akichafuliwa, nani anamsafisha?”

Safari hii afande hakutaka tumjibu kwa pamoja. Alisema: “Aliyemchafua. Wengine wote tunaweza kupangusa tu.” Kisha akatutazama darasa zima, mmoja mmoja, bila ya kujua anamtafuta nani.

Mimi nilikuwa nafuta vumbi la chaki kwenye dawati kwa ncha ya buibui. Dawati lilikuwa safi.

Wakati wa chai fundi aliniletea kikombe na sambusa mbili, kwa kuwa mimi, alisema, sina kikapu leo. Nikamuuliza kazi ile ina milango mingapi. Akanieleza mlango mmoja mmoja. Ule wa mbele una maua ya mkadi ya kuchonga yaliyoliwa na mchwa upande mmoja, na yeye keshaona vipi atayaunga hata jicho lisijue. Alikuwa anachora hewani kwa kidole. Nilikuwa na sambusa mdomoni, nikapata sababu ya kutosema.

Nikarudi nyumbani nimekusudia kupitia njia nyepesi. Nilifikiri nitaandika barua isiyo na jina, niipenyeze chini ya mlango wa sheha. Nikamwambia kaka. Alikuwa anakunja kanzu yake. Akasema raia mwema keshaandikwa mara moja, tukimleta wa pili hatamfuta wa kwanza. Nikamuuliza kwa nini basi yeye asiende akaeleza, kwani aliyeingia nyumba ile ni yeye. Akasema atakwenda sasa hivi, na wakimuuliza nani alimuona atasema ni nani. “Unataka nkutaje mie, au ujitaje?” Hakuwa na hasira. Angekuwa na hasira ningepata pa kushika.

Asubuhi ya siku ya tatu nikakaa dirishani na ile karatasi ya safu mbili, ambayo ilikuwa ndiyo kazi yetu ya kufanya nyumbani. Safu ya kwanza nikaandika: kofia yenye ua la majani saba; mkono; ufunguo. Ikaisha. Nilitafuta kingine nilichokiona nikakikosa. Safu ya pili ikajaa mpaka chini, nikageuza karatasi. Nilidhani ni fundi. Nilidhani ameiba ufunguo. Nilidhani mtu wa bara hata akae miaka mingapi ana jambo lake. Nilidhani mimi ndiye ninayejua mambo ya mtaa huu. Hii ya mwisho nilitaka kuifuta, nikaiacha.

Fundi alipita chini akielekea kazini. Kikapu kilikuwa kimekwisha kuteremka. Ningemwita. Sikumwita. Alinyanyua macho mwenyewe, akaona kikapu, akatia mkate.

Alasiri afande alipouliza nani atasoma ya kwake, nilinyoosha mkono kabla hajamaliza, kama mtu anayetaka kutapika. Akafurahi. Nikasimama. Hamna jina katika karatasi yangu, la mtu wala la mahali, na nilipoanza watu walikuwa bado wanasogeza viti. Nikasoma: nilichokiona, kofia yenye ua la majani saba.

Niliposema saba, fundi alivua kofia yake. Aliiweka mbele yake juu ya lile dawati dogo, akaigeuza kidogo kufuata mwangaza, na akaanza kuhesabu kwa kidole. Alikuwa ameivaa miaka na hakuwahi kuhesabu. Nani huhesabu majani ya ua la kofia yake? Alipofika saba kidole kikasimama.

Nikaendelea kusoma kwa kuwa sikujua namna ya kusita. Nikasoma safu ya pili, mbele na nyuma, na maneno yale ya mtu wa bara nikayasoma vile vile yalivyo, ingawa pale ndani walikuwapo wa bara wengine watano au sita, na yule mwenye duka la nazi ni mmoja wao. Mwisho nikasema aliyeingia nyumba ile alikuwa kaka yangu, kwa ruhusa, na aliyesema kwa sheha ni mimi, na nimekuja kuliondoa.

Kwa mara ya kwanza mimi ndiye niliyekuwa chini na watu wote wananitazama.

Fundi akasema bila kusimama, na hakunipandishia sauti: “Bi, ungeniita tu. Kila siku unaniita.”

Nilikuwa nimejitayarisha kwa matusi. Nilikuwa nimejitayarisha hata kwa kusamehewa, na kwa hilo nilikuwa nimeandaa machozi. Hili sikulitayarishia chochote. Ningemwita. Angenijibu naam. Angenyanyua kichwa na mlango wa jirani ungekuwa unafunguliwa na mtu mwingine mbele ya macho yetu sote wawili. Lingechukua muda wa kutia mkate kikapuni.

Sheha alitoa daftari kwenye mkoba pale pale. Nadhani alitembea nalo siku zote tatu. Nikaandika kwa mkono wangu, pembeni mwa “raia mwema,” jina langu na la baba yangu, na kwamba nililosema halikuwa kweli. Nikatia saini. Afande na mwalimu wa chuo wakashuhudia. Barua ikaandikwa juu ya meza ya mwalimu, ikapigwa muhuri, fundi akaipokea kwa mikono miwili, akaikunja mara moja tu ili isivunjike, akashukuru wote. Na mimi akanishukuru, kwa jumla, nikiwa mmoja wa wote. Kisha akavaa kofia yake ili atoke. Akaivua tena, akaishika mkononi.

Njiani kaka, aliyekuwa amekuja kunipokea mlangoni mwa skuli, hakuniuliza. Alichukua mkoba wangu tu. Tulipofika kwenye ngazi akasema zile arubaini na moja leo atazihesabu na mimi, na akazihesabu kweli, kwa sauti, mpaka juu.

Kazi aliipata. Nimesikia milango inakwenda vizuri na ule wa mkadi watu wanasimama kuutazama. Jirani amemwachia ufunguo kaka mara mbili tangu hapo, na safari hizi ananiambia na mimi, kwa makusudi, polepole, kama mtu anayempa mtoto glasi ya kioo aibebe. Sijamwambia mtu.

Mkate sasa nateremka kununua mwenyewe. Watu wamezoea, hawaulizi msiba. Lakini wiki iliyopita mvua ilikuwa kubwa, nikakaa dirishani kama zamani, na chini akapita mtu ambaye sikumtambua. Kichwa wazi, nywele zote nyeupe mpaka kisogoni, ameinama kwa ajili ya mvua. Nikajiuliza huyu mgeni wa nani. Akafika kwenye karakana, akatoa ufunguo aifungue, na bega nikalijua.

Miaka yote ile sikuwa nikijua kama ana mvi; hata darasani alipoivua, niliitazama kofia.

Kabla sijafikiri, maneno yakanitoka: “Fundi wee.”

Akasimama. Mvua ilikuwa inampiga pale utosini. Hakunyanyua uso.

“Naam.”

Akangoja nimwambie ninachotaka. Sikuwa na ninachotaka; kikapu kilikuwa kimetundikwa msumarini nyuma yangu. Nikamwambia aingie karakanani, analowa. Akaingia.